Monsieur Murhula

Kwa nini mtu atumie siku nzima kuchora picha ambayo walio hai wataitazama kwa saa moja tu, kisha igeuzwe na kupigiliwa misumari juu ya uso wa mtu aliyekwisha kufumba macho? Elodie alikuwa ameliandika swali hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake, na chini yake aliacha nafasi ya mistari kumi. Hadi juma hilo la Desemba, mistari yote kumi ilikuwa bado mitupu.

Swali lilimjia akiwa amelala chali katika chumba alichopanga kwa Papa Télesphore, seremala wa majeneza wa Cimpunda, mtaa wa Bukavu. Juu ya kitanda chake dari ilikuwa imeoza kwa mvua, na mwenye nyumba, ambaye hakupenda kununua kitu alichoweza kukipata uani kwake, aliiziba kwa mfuniko wa zamani wa jeneza ambalo wenyewe hawakurudi kulichukua. Aliugeuza upande wa ndani ukatazama kitandani, kwa sababu upande wa nje ulipakwa vanishi, na vanishi huvumilia maji. Asubuhi iliyofuata, mwanga ulipopenya kati ya mbao za ukuta, Elodie aliona ziwa. Lilikuwa buluu ya kina, bila ukingo. Katikati yake mwanamke mmoja alikuwa amekaa ndani ya mtumbwi, mikono mitupu juu ya mapaja, shingo imenyooka. Na nyuma yake, juu ya maji, magunia saba ya makaa yalimfuata kwa miguu yao yenyewe, yamejipanga kama bata. Kwenye kona, kwa rangi nyekundu iliyofifia, palikuwa na herufi M, alama ndogo kama jicho la sisimizi, kisha jina: Murhula, 88. Elodie aliisoma kama alivyofundishwa kusoma bahasha za Kifaransa tangu shule ya msingi, ambako M yenye nukta ni Monsieur, yaani Bwana: Monsieur Murhula.

Tangu hapo hakufaa tena kwa mambo mengine. Alipita mitaa ya Kadutu na Nyawera na simu yake mkononi, akiwauliza wazee waliokaa mbele ya maduka. Alichokipata alikipata vipande vipande, kama mtu anayeokota nguo zilizopeperushwa na upepo. Katika miaka ya mwisho ya chama kimoja, wakati hata kibao cha kinyozi kilipaswa kuonyeshwa kwanza kwa wakubwa wa mtaa, watu wachache walikuwa wamegundua mahali ambapo hapana ofisa aliyethubutu kupekua. Hakuna aliyeinua mfuniko wa jeneza kuukagua. Huko ndani walichora wanavyotaka, nao walitaka jambo moja: kumpa kila marehemu kile alichokosa. Mwalimu alikaa juu ya mlima wa chaki mrefu kuliko kanisa. Mbeba mizigo wa Nyawera alipanda mabegani mwa wateja wake. Waombolezaji walitazama, wakacheka wakilia, kisha mfuniko ukafungwa na maonyesho yakaisha. Mmoja wa wachoraji hao aliitwa Ezéchiel, aliyechora ndege katika kila picha na kupotelea Shabunda akitafuta dhahabu. Mwingine alikumbukwa kwa jina la Rouge tu. Elodie aliwapenda kama mtu anavyowapenda watu wa ndotoni: kwa huzuni ya kweli, bila kujua nyuso zao.

Mke wa Papa Télesphore aliitwa Anne-Marie, lakini mtaa mzima ulimwita Maman Destin, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Elodie alipomuuliza habari za mifuniko, aliendelea kuchambua maharage.

"Ile ni vitu ya zamani, mutoto yangu. Mi nilikuwaka na watoto wadogo. Uliza wazee."

"Na Murhula, maman? Unamjua?"

Vidole vyake vilisimama, kisha vikaendelea. "Murhula ni jina ya baba yetu. Kaka yangu Aloys ndiye anabeba ile jina. Iko Kavumu."

Elodie alipanda gari la Kavumu siku hiyo hiyo. Alimkuta mzee mrefu, mwembamba, aliyebeba mizigo kwenye uwanja wa ndege hadi mgongo ulipomkatalia.

"Wewe ni Monsieur Murhula?" aliuliza.

Mzee aliangalia nyuma yake kwanza, kama mtu asiyezoea kutafutwa. "Ndiye mimi," akasema.

*

Kazi ya Elodie, ile mémoire ya kumalizia chuo, ilikuwa na kurasa themanini, na jina la Monsieur Murhula lilisimama kwenye jalada. Profesa aliyemwongoza aliisoma akaipitisha. Kituo kimoja cha utamaduni mjini kiliisikia habari hiyo, na Hervé, kijana mwenye miwani aliyesimamia maonyesho pale, akaamua kumheshimu mzee mbele ya watu. Siku ya Jumatano alishuka ngazi za udongo za Cimpunda akishika ukuta kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine bahasha ya mialiko. Kwenye karatasi nzuri, nene, iliandikwa kwamba Jumamosi saa nne mji wa Bukavu ungemkumbuka Monsieur Murhula, mchoraji wa visivyoonekana.

Aloys alikuwa amefika tangu asubuhi. Alivaa koti la kuazima ambalo mikono yake iliishia juu ya vifundo. Kila mara aliponyoosha mkono kumsalimia mtu, aliukunja haraka kabla salamu haijaisha.

"Maître," Hervé alimwambia, kama wanavyoitwa mafundi wakuu, "tunaomba photo moja tu, ya affiche, ile ya kubandika ukutani. Ushike pinceau, kama uko kazini."

"Photo?"

"Oui, maître. Naturel tu."

Aloys aliipokea brashi na kuishika kwa ngumi, kama mtu anayeshika kisu cha kumenya muhogo. Hervé aliinamisha simu kulia, akaiinamisha kushoto.

"Naturel, maître. Hapana kuikaza."

"Sikazi. Ni koti ndiyo inakaza."

Papa Télesphore alicheka chini ya masharubu, randa yake ikiteleza juu ya ubao. Anne-Marie alikuwa anapita na beseni la nguo. Alisimama, akaitoa brashi katika ngumi ya kaka yake, akailaza kati ya vidole viwili mpini ukiegemea shina la kidole gumba, akageuza kifundo cha mkono wa kaka yake kidogo, kidogo sana. "Hivi," alisema, akaenda kuanika.

Picha ilitoka vizuri. Elodie alijiambia kwamba mkono hauwezi kukumbuka kazi iliyoachwa zaidi ya miaka thelathini, na kwamba dada aliyemtazama kaka akichora angeweza kukumbuka kwa niaba yake. Alilala na maelezo hayo, na ziwa likiwa juu yake.

*

Alhamisi mama mmoja mzee alishuka kutoka barabara ya juu. Aliitwa Colombe. Katika kitambaa cha kichwa alichokishika mkononi alikuwa amefunga kamba yenye fundo, kama wanavyofanya wanaokuja kwa seremala wa majeneza: urefu wa kamba hadi kwenye fundo ndio urefu wa marehemu, na aliyeileta hahitaji kutamka mengi. Papa Télesphore aliipokea kwa mikono miwili, akainyoosha juu ya meza.

"Ni muzee yako, bwana yako?"

"Ni yeye. Tutamuzika samedi."

"Pole, maman. Jumamosi itakuwa tayari."

Colombe hakuondoka. Alitazama juu ya bega la seremala, hadi uani, ambako Anne-Marie alikuwa anachochea jiko, na uso wake ukafunguka.

"M'Murhula. Kumbe ungali hapa."

Elodie aliyekuwa ameketi kizingitini na daftari aliinua kichwa. Alidhani amesikia vibaya.

"Maman, samahani. Umemwita nani?"

"Huyu. M'Murhula."

"Murhula ni papa Aloys."

Colombe alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani. "We ni mutoto ya wapi?"

"Ya Mwenga, maman."

"Aa, Mwenga. Basi sikulaumu." Aliketi kwenye kibao bila kuambiwa. "Kwetu Bashi, mwanamuke ya heshima unamuita na jina ya baba yake. Unatia M mbele. M'Murhula, ni kusema binti ya Murhula. Mwanaume hatuwezi kumuita vile. Ukimuita vile watu watacheka mupaka wakae chini."

Ile alama ndogo kama jicho la sisimizi. Elodie aliiona mbele yake wazi kuliko alivyowahi kuiona darini: haikuwa chini, kando ya mguu wa herufi, mahali pa nukta. Ilikuwa juu. Miezi minane aliitazama kila asubuhi, na kila asubuhi Kifaransa cha shule kiliishusha chini.

Colombe alikuwa amekwisha kuendelea, akizungumza na Anne-Marie peke yake. "Baba yangu alitembeaka miguu chini mupaka kufa. We ulimuchora na viatu, na pembeni ukaweka ingine, ya kwenda nayo misa. Mi nilisema, hata nikisahau sura yake, ile viatu sitasahau. Sasa nakuomba na muzee yangu. Miaka makumi ine alikuwa sentinelle, alilindaka nyumba za watu usiku. Hakulala hata usiku moja kama mutu. Umuchore analala. Kwa kitanda kabisa. Na patron yake, mwenye nyumba, iko mulangoni, anamulinda."

Anne-Marie hakugeuka. Moshi ulimzunguka.

"Maman Colombe," Papa Télesphore alikohoa, "ile kazi ilikwisha zamani."

"Mi sikukuuliza we," Colombe akasema kwa upole. Alikunja kitambaa chake, akapanda ngazi taratibu.

*

"Maman, ni wewe."

"Ni mimi nini?"

"Mwenye kuchora ziwa yenye iko juu ya kitanda yangu."

Anne-Marie aliipua sufuria, akafuta mikono kwenye kitenge. "Nilimuambiaka Papa Destin asiweke ile mbao pale. Hasikiaka. Anaona tu vanishi."

"Kwa nini hukuniambia? Nilikuuliza, maman. Nilikuuliza mara ngapi?"

"Uliuliza Monsieur. Mi siko Monsieur."

Papa Télesphore aliingia akijipangusa vumbi la mbao, akaketi kwenye kigoda. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeogopa kuliko wa mtu mwenye hasira. "Sikia, Elodie. We unasoma, utaelewa. Wale wengine waliogopa chama. Sisi tuliogopa wateja. Mwanamuke yenye kuzaa, mikono yenye kubeba mutoto, inaingia ndani ya jeneza? Kama watu walijua, hapana mutu angekanyaga hapa. Tulisema ni Rouge, tulisema ni Ezéchiel. Yeye alichoraka ndani ya chumba, mulango imefungwa, mutoto mugongoni. Maman Colombe tu ndiye alijua, juu siku moja alifungua mulango bila kupiga hodi."

"Na leo, papa?"

"Leo ni vile vile. Sasa hivi watu wanapenda majeneza ya kung'aa, ya kuagiza. Wenye wanakuja kwangu ni wachache, na wale wachache ni watu ya zamani."

Elodie alifumba daftari. Alikuwa msichana aliyeamini kwamba ukweli ukitajwa kwa sauti ya kawaida, kila mtu hupata mahali pake; ndivyo alivyouandika hata utangulizi wake. "Nimeandika kurasa themanini za uongo," alisema.

"Umeandika Murhula," Anne-Marie alimjibu. "Murhula siyo uongo."

"Nimeandika Monsieur."

"Basi toa Monsieur."

"Nikimtoa Monsieur, papa Aloys anatoka naye."

"Unaona sasa? Ndiyo maana nakuambia uache. Yaya Aloys, kaka yangu mukubwa, tangu nimemujua, hapana siku moja watu walisimama kumupatia heshima. Mi nina watoto, nina nyumba, nina ile niliyoifanya. Yeye iko na nini? Nilimupatia ile jina juu ilikuwa imelala bure."

Mlangoni palisikika mguu. Aloys alikuwa amesimama pale, koti limekunjwa juu ya mkono kama la mtu anayesubiri gari. Hawakujua amesimama kwa muda gani.

"Mi sikusema hata siku moja kama nilichora," alisema.

"Na hukusema kama hukuchora," Papa Télesphore akajibu.

Aloys alitikisa kichwa akikubali. "Huyu mutoto aliniuliza kama mi ni Murhula. Ni mimi. Aliniuliza kama nakumbuka mifuniko. Naikumbuka. Nani alileta rangi kutoka kwa mukubwa ya wachora-vibao, chini ya shati? Ni mimi." Alitafuta mahali pa kuliweka koti, hakupaona. "Baadaye alikuja yule wa miwani, akaniita maître. Kule Kavumu, chef ya quartier, mukubwa ya mutaa, alinipatia kiti, mbele ya watu. Nilikaa. Unajua, nilikaa tu kuona kiti iko namna gani."

Anne-Marie alimpakulia chakula, nyama yote ikawa katika sahani yake.

Alasiri mvua ilinyesha, na Elodie alijilaza bila kulala. Katika usingizi huo wa macho wazi aliona kilima cha makaburi kikilainika kama mkate ndani ya chai. Mifuniko ilitoka ardhini mmoja mmoja, upande wa rangi ukiwa juu, ikateremka na maji katika vichochoro vya Cimpunda, ikapita masoko na ngazi na mabati, ikaingia ziwani ikiwa imejaa watu: yule mwenye viatu vya jozi mbili, mwalimu juu ya chaki yake, ndege wa Ezéchiel. Watu wa mji walisimama ufukweni wakiuliza kwa sauti ya chini: ni za nani? Na kila alipofungua kinywa kujibu, alisema Monsieur.

*

Ijumaa asubuhi Hervé alirudi kupanga safari ya Jumamosi. Alikuta kila mtu uani: Papa Télesphore akifuta vumbi kwenye jeneza jipya, mfuniko wake mweupe umeegemezwa ukutani, Aloys akiwa na shati tu, Anne-Marie kwenye kigoda, na Colombe aliyefika kuona kazi, akapewa chai.

Elodie aliongea akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mbele ya darasa. Alisema amekosea kusoma. Alieleza ile M, ile alama, na mahali ilipokaa. Alisema atamwandikia profesa wake siku hiyo hiyo kuomba kazi yake irudishwe, na kama ni kupoteza mwaka, ataupoteza.

Hervé alivua miwani. "Mais Elodie. Mialiko imetoka. Affiche iko mpaka Nyawera, na picha ya maître." Alimtazama Aloys, akaona haya, akaangalia pengine. "Tuseme hivi: tuandike 'familia ya Murhula'. Maman anakaa pembeni ya papa, mstari wa mbele. Hakuna mwenye anaaibika."

"Hiyo ni nzuri," Papa Télesphore alisema upesi. "Familia. Familia ni nzuri. Hapana kusema ni mikono ya nani."

"Mi naweza kukaa hata nyuma," akasema Aloys.

Colombe aliweka kikombe chini. "Nyinyi wote munagawanya kiti. Mi nilikuja ju ya mufuniko." Akamgeukia Anne-Marie. "Muzee yangu ataenda na hii mbao tupu?"

Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano wote walimtazama mama mwenye nyumba kwa pamoja, na ilionekana kwamba hawakuzoea kumtazama hivyo. Hervé hata alirudi nyuma hatua moja kumpisha. Anne-Marie alikuwa anautazama mfuniko. Alikuwa akiupima kwa jicho moja, kichwa kimeinama upande, midomo ikisogea kidogo bila sauti. Kisha alinyanyuka, akaenda kuugusa, akapitisha kiganja juu ya ubao kutoka juu hadi chini.

"Papa Destin, haujapita randa vizuri hapa kwa kichwa."

"Anne-Marie," mumewe akasema. Hakumwita Maman Destin. "Tafadhali. Watu watasema nini?"

"Watasema kama mi nachora." Alimgeukia Hervé. "Karatasi yenu imemuita Monsieur. Monsieur aende. Yaya Aloys, vaa ile koti, uende, na wakikupatia micro ya kuongea uwaambie ni nani alileta rangi na ni nani alichora. Bila wewe kuleta rangi, mi ningechora na nini?"

Aloys alilitafuta koti kwa macho. "Na we? Utakaa wapi, fasi gani?"

"Mi siendi," alisema Anne-Marie, na alisema polepole ili hata mumewe asimsikie vibaya. "Samedi ninaenda kuzika bwana ya Colombe. Leo namuchorea mufuniko yake, hapa inje, mulango wazi, kila mutu aone mikono. Na chini naandika M'Murhula. Mwenye anaogopa, aende kununua jeneza fasi ingine."